Amana ya Vitabu Siku za Vita

Somo juu ya kuhifadhi khazina za ilimu zisiporwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa kalamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya: jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa vita haviui watu peke yao. Huangamiza pia akiba ambayo watu wa kale waliwawekea wale wasiozaliwa bado: misahafu, vitabu, hati za wakfu, vyombo na majengo. Na kitabu kilichoandikwa kwa mkono, ambacho hakina nakala nyingine duniani, kikichomwa hapana njia tena ya kujua yaliyokuwamo. Basi tumeona tuliandike somo hili fupi, ili mwenye kulisoma ajue lililo juu yake katika jambo hili, kabla haijafika siku isiyo na nafasi ya kusoma.

Na yote tutakayoyasema yarejea kwenye neno moja: khazina ya watu hulindwa wakati wa amani. Siku ya vita ikifika, huokoka kile tu ambacho watu walikwisha kukijua, na kukihesabu, na kukiona kuwa ni amana juu ya shingo zao.

FASILI YA KWANZA
Amana haiondolewi na vita

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoazimia kuhama Makka kwenda Madina, Makureshi walikuwa wamekwisha kuafikiana kumwua. Na mikononi mwake mlikuwa na vitu vya watu, walivyomwekesha kwa kuwa hawakumpata mwaminifu kuliko yeye. Na wenye vitu hivyo walikuwamo hao hao maadui zake. Hakuondoka navyo, wala hakuviacha ovyo. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib, naye ni kijana, akae Makka mpaka amrejeshee kila mtu chake. Zingatia haya, ndugu yangu. Uadui wao haukumhalalishia amana yao, wala khofu ya kuuawa haikumwondolea wajibu wa kuirudisha.

Tena waliporudi Khaybar, mtumishi mmoja alipigwa mshale akafa, na watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume akawakatalia, akawaambia ya kuwa shuka aliyoitwaa katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja akaleta gidamu ya kiatu, au gidamu mbili, akazirudisha. Khiyana ya namna hii huitwa ghuluul, nayo imetajwa kwa ukali katika Sura ya Aali Imran. Basi ikiwa shuka moja iliyotwaliwa vitani ina hisabu kubwa hivi, itakuwaje hisabu ya mwenye kuvunja mlango wa maktaba akabeba vitabu ambavyo mji mzima ulikuwa ukivisoma?

Na Sayyidna Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipolipeleka jeshi Sham, alimwusia amiri wake wasiue wanawake, wala watoto, wala wazee. Wasikate miti yenye matunda, wala wasiharibu mahali penye makazi ya watu. Haya aliyasema kwa jeshi linalokwenda katika nchi ya adui.

Liko na jambo la wakfu. Vitabu vingi katika miji ya Kiislamu viliandikwa katika ukurasa wa kwanza ya kuwa ni wakfu kwa wanafunzi. Mali ya wakfu haiuzwi, wala hairithiwi, wala haipewi mtu zawadi. Hata anayeilinda ni mwangalizi tu, si mwenyewe. Basi anayeuza kitabu cha wakfu auza kisicho chake, na anayekinunua anunua kisichouzika.

FASILI YA PILI
Timbuktu ya kale, na mporaji aliyeporwa

Mji wa Timbuktu uko katika nchi ya Mali, karibu na Mto Niger, ukingoni mwa jangwa la Sahara. Katika karne ya 15 na ya 16 ulikuwa mji wa biashara na wa ilimu. Chumvi ikija kutoka kaskazini, dhahabu kutoka kusini, na vitabu vikinunuliwa kwa fedha nyingi. Karibu na msikiti wa Sankore mashekhe wakisomesha, kila shekhe na wanafunzi wake, na nyumba za ilimu zikirithishana makabati ya vitabu. Wala havikuwa vitabu vya fiqhi na tafsiri peke yake. Mlikuwamo ilimu ya falaki, utabibu, hisabu, nahau na mashairi, na barua na mikataba ya wafanya biashara.

Mwaka 1591 Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko alipeleka jeshi lenye bunduki, likavuka jangwa, likawashinda watu wa Songhai mahali paitwapo Tondibi. Miaka miwili baadaye maulamaa wa Timbuktu walikamatwa, wakachukuliwa Marrakesh katika minyororo. Miongoni mwao alikuwa Ahmed Baba, aliyezaliwa mwaka 1556. Naye alipopata kusimama mbele ya Sultani alimlalamikia ya kuwa askari wake wamempora vitabu 1,600, ilhali yeye katika jamaa zake ndiye mwenye vitabu vichache kuliko wote. Alizuiliwa Marrakesh miaka mingi, akisomesha watu wa mji ule ule uliomfunga, mpaka mwaka 1608 ndipo alipopata kurudi kwao. Akafa mwaka 1627.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Ahmad al-Mansur alikusanya vitabu vingi, akavirithi mwanawe, Mawlay Zaydan. Mwaka 1612 Zaydan alikuwa akikimbia maadui wa ndani, akavipakia vitabu vyake katika jahazi ya Mfaransa mmoja, ili vipelekwe bandari nyingine. Nahodha hakulipwa ujira wake, akang'oa nanga akaenda zake. Baharini akakamatwa na manowari za Wahispania, na vitabu kiasi cha 4,000 vikachukuliwa ngawira. Vikawekwa katika nyumba ya watawa ya El Escorial, karibu na Madrid, na moto wa mwaka 1671 ukateketeza vingi katika hivyo. Wafalme wa Moroko waliotawala baadaye wakavidai, wasivipate. Mwaka 2013 Mfalme wa Hispania alimkabidhi Mfalme wa Moroko nakala za picha za hivyo vilivyosalia. Asili zake zikabaki palepale.

Ahmed Baba aliporwa na askari wa baba, na mtoto wa baba yule akaporwa na wageni. Haya hatukuyasimulia ili tucheke msiba wa mtu, ila tujue ya kuwa mlango wa uporaji ukifunguliwa haumchagui wa kuingia.

FASILI YA TATU
Timbuktu ya mwaka 2012

Baada ya mambo hayo watu wa Timbuktu walijifunza kuficha. Vitabu viliwekwa katika masanduku ya ngozi, vikafukiwa mchangani, vikawekwa katika vyumba visivyo na madirisha, na mtoto akaambiwa na babake mahali vilipo. Walipata salama ya watu, lakini mchwa na maji havikuwahurumia. Mwaka 1973 serikali ya Mali ilifungua katika mji huo chuo cha kuhifadhi vitabu vya kale, kikaitwa kwa jina la Ahmed Baba. Tangu mwaka 1984 mtu mmoja wa nyumba ya ilimu, Abdel Kader Haidara, alikitumikia chuo hicho, akisafiri kwa ngamia na kwa mashua kwenda katika vijiji vya jangwani na vya mtoni, kuwabembeleza wenye vitabu wavitoe vihifadhiwe. Baadaye akafungua maktaba ya vitabu vya marehemu babake, na nyumba nyingine nyingi zikafuata mfano wake. Kazi hiyo ya miaka mingi ya amani ndiyo iliyozaa yatakayofuata: alizijua nyumba, nazo zilimjua, alivijua vitabu, na orodha zake ziliandikwa.

Tarehe 1 Aprili 2012 waasi waliingia Timbuktu, askari wa serikali wakiwa wamekimbia. Siku zile za kwanza ofisi na maduka yakaporwa. Kisha mji ukashikwa na kundi la Ansar Dine na wenzao, wakadai kuwa wanasimamisha dini kwa mijeledi. Haidara na wenziwe wakaona ya kuwa maktaba zilizofunguliwa kwa fakhari wakati wa amani zimekuwa shabaha. Kila mtu azijua zilipo. Wakakata shauri vitabu virudi majumbani, kama vilivyokuwa zamani. Naye alikuwa na dola 12,000 alizopewa msaada akajifunze Kiingereza Oxford. Akaomba ruhusa, fedha hizo zikanunua masanduku ya bati. Masanduku yalipokwisha madukani, mapipa ya mafuta yalifuliwa yakawa masanduku. Usiku, kwa mwanga wa kurunzi, vijana walivifunga vitabu, wakavipeleka kwa punda na kwa mikokoteni katika nyumba za watu waaminifu.

Kisha, tangu mwezi wa Agosti, masanduku yakaanza kusafirishwa kidogo kidogo kwenda Bamako, mji mkuu, mwendo wa maili 600 hivi: kwa magari, na baadaye kwa mashua juu ya Mto Niger. Njiani kulikuwa na vizuizi vya waasi, na vya askari wa serikali vilevile, na kila kizuizi kina khofu yake. Jumla ya masanduku ilizidi 2,000. Wenye kazi hiyo walisema vitabu vilivyookolewa vilizidi 350,000. Wako wataalamu walioona hesabu hiyo ni kubwa mno. Lakini hapana anayekanusha ya kuwa ni maelfu kwa maelfu, wala ya kuwa walioibeba kazi hiyo walikuwa wachukuzi, wapiga makasia, madereva na akina mama wenye nyumba, ambao majina yao hayakuandikwa mahali.

Na katika jengo la zamani la Chuo cha Ahmed Baba alikuwako mzee mmoja mlinzi, asiyejua kusoma wala kuandika. Mzee huyo alivitia vitabu katika magunia matupu ya mtama na mchele, akavitoa usiku baada ya usiku, mpaka ghala ikabaki tupu. Ewe mwanafunzi unayejivunia ilimu yako, mfikirie mzee huyu. Hakupata faida ya herufi moja katika hivyo alivyovibeba. Alijua tu ya kuwa ni amana, na ya kuwa amewekwa pale kuilinda.

Mwisho wa Januari 2013, walipokuwa wakikimbia mbele ya majeshi ya Ufaransa na Mali, wale wenye kuushika mji walivitia moto vitabu walivyovikuta katika jengo jipya la chuo hicho. Khabari ikaenea ulimwenguni ya kuwa vyote vimeteketea. Baadaye ikadhihirika ya kuwa vilivyochomwa au kuibwa ni 4,200 hivi. Vingine vyote vilikuwa vimekwisha ondoka. Huko Bamako navyo vikakuta adui mwingine, nao ni unyevu wa hewa, ambao haukuwako jangwani. Ndipo mwezi wa Agosti 2025 sehemu ya kwanza ya vitabu vya chuo, masanduku zaidi ya 200, ikarudishwa Timbuktu.

Majengo hayakupata bahati hiyo, kwa kuwa jengo halitiwi guniani. Tangu mwisho wa Juni 2012 makaburi 14 ya mawalii yalibomolewa katika mji huo kwa majembe na sururu. Maulamaa wana maneno yao juu ya kujenga makaburi, wala hapa si mahali pake. Lakini hapana madhehebu iliyomruhusu mwenye bunduki kuingia mji wa watu akavunja walichorithi kwa baba zao, nao wanalia. Mmoja wa viongozi wa ubomoaji huo, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alishitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Akakiri kosa, akaomba radhi, akahukumiwa kifungo cha miaka 9 mwezi wa Septemba 2016. Na mafundi waashi wa Timbuktu waliyajenga tena makaburi yale kwa udongo na ufundi wa wazee wao.

Suali: Yule aliyeulizwa na mwenye silaha, «Masanduku haya yana nini?» akajibu jibu la kumpoteza, je, amesema uwongo?
Jawabu: Imamu Nawawi ameeleza ya kuwa dhalimu akitaka kunyang'anya mali au amana aliyoificha mtu, ni wajibu kumficha, hata kama haipatikani njia ila kwa kusema lisilo kweli, na lililo bora ni kutumia neno lenye maana mbili, ili ulimi usalimike na amana isalimike.

FASILI YA NNE
Baghdad na Basra

Msiba wa Baghdad wa mwaka 1258, Wamongoli walipouvunja mji wa makhalifa, wajulikana na kila msomaji wa tarikhi. Lakini liko la karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 2003 majeshi ya Marekani yaliingia Baghdad, na serikali ya nchi ikaanguka. Kuanzia tarehe 10, kwa muda wa siku tatu, waporaji waliingia katika jumba la makumbusho la taifa, mlimowekwa vitu vya miaka elfu nyingi, vikatoka vitu 15,000 hivi. Siku chache baadaye maktaba ya taifa na maktaba ya wakfu zikaungua. Na wataalamu walikwisha waonya wakubwa wa majeshi kabla ya vita; hata hivyo siku zile mlangoni pa jumba hapakusimamishwa mlinzi. Kuonywa peke yake hakukulinda kitu.

Juu ya hayo, vitu 8,366 vilisalimika, kwa sababu wafanya kazi wachache wa jumba hilo walikuwa wameviondoa mapema, wakavificha mahali pa siri, wakala yamini juu ya Msahafu wasipataje. Na ulipotangazwa msamaha kwa mwenye kurudisha, asiulizwe alipata wapi, na maimamu wakawahimiza watu misikitini, vitu karibu 2,000 vilirudi kwa hiari.

Huko Basra mtunza maktaba, Bibi Alia Muhammad Baqer, aliomba ruhusa avihamishe vitabu kabla ya vita kufika, akakataliwa. Hakuvunjika moyo. Kila jioni alivichukua nyumbani kwake kwa gari lake. Na mapigano yalipofika mjini aliwaita jirani zake, wakavipitisha vitabu juu ya ukuta mkono kwa mkono, vikawekwa katika mkahawa uliokuwa upande wa pili. Vitabu kiasi cha 30,000 vikaokoka. Siku chache baadaye maktaba ikateketea kwa moto.

FASILI YA TANO
Mnunuzi ni mshirika wa mporaji

Mporaji haibi kitabu cha kale ili akisome. Huiba kwa kuwa yuko dalali atakayekitwaa, na dalali hukitwaa kwa kuwa yuko tajiri wa mji wa mbali atakayekipamba sebuleni. Kila mkono kinakopita huzidishwa bei, na hutungwa karatasi ya uwongo ya kuonyesha kilikotoka. Basi tajiri yule asiyewahi kuona vita ndiye aliyempa mporaji nyundo.

Mataifa nayo yaliliona hili. Tarehe 14 Mei 1954, baada ya maangamizi ya vita vikuu vya pili, yaliandikwa The Hague mapatano ya kulinda mali ya urithi wakati wa vita. Na katika vifungu vyake vya mwanzo kila dola yatakiwa ijitayarishe wakati wa amani. Nyongeza ya mwaka 1999 ikabainisha matayarisho hayo: kuandika orodha, kupanga namna ya kujikinga na moto, kutayarisha njia ya kuhamisha vitu, na kuteua wenye dhamana. Mwaka 1970 UNESCO ilitoa mapatano ya kuzuia biashara ya vitu vilivyoibwa, na mwaka 2015 Baraza la Usalama likazitaka dola zote zizuie biashara ya vitu vya kale vilivyotolewa kwa haramu Iraq na Syria. Lakini sheria haina mikono. Mikono ni yako wewe, siku utakapoletewa kitabu chenye mhuri wa wakfu uliokwanguliwa, ukaambiwa bei yake ni rahisi.

FASILI YA SITA
Yatupasayo

Nasi watu wa pwani tusiyasikilize haya kama hadithi za mbali. Mwaka 1505 majahazi ya Wareno chini ya Francisco de Almeida yaliupora Kilwa, kisha Mombasa, na Mombasa ikatiwa moto. Na katika visiwa vyetu walikuwako wanakili hodari. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono. Yako majumbani masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu alipokufa babu. Basi yatupasa mambo haya:

1. Kujua tulicho nacho. Fungua sanduku, uandike jina la kila kitabu, na mwandishi wake, na mwaka wake kama upo. Kisichoandikwa kikipotea hapana atakayeweza kukidai.

2. Kufanya nakala, ya mkono au ya picha, na kuiweka mahali mbali na asili, ili moto mmoja usile vyote viwili.

3. Kuwajulisha watu wawili au watatu waaminifu mahali amana ilipo. Siri ya mtu mmoja hufa naye, na siri ya watu wengi si siri.

4. Kuweka tayari vyombo vya kuhamishia, navyo ni masanduku yasiyoingiza maji wala mchwa. Timbuktu waliyatafuta wakati adui yumo mjini. Wewe usingoje wakati huo.

5. Kutonunua wala kuuza kisichojulikana kilikotoka, na kumrudishia mwenyewe kilichotufikia kwa njia mbaya, ijapokuwa kilichukuliwa na baba zetu.

6. Kuwafundisha watoto thamani yake. Yule mzee mlinzi hakuwa msomi, lakini alikuwako aliyemfundisha ya kuwa karatasi zile zina heshima.

KHATIMA

Ndugu yangu, huenda usione vita maisha yako yote, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu akuepushe navyo. Lakini sanduku la babu yako lingali na amana ndani yake, na wewe ndiye mwenye ufunguo. Lifungue juma hili. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kutimiza amana, na awarehemu waliobeba vitabu gizani ili wengine wavisome mchana. Amin.

MASUALI YA SOMO HILI

1. Kwa nini Mtume alimwacha Sayyidna Ali Makka siku ya Hijra, nalo latufundisha nini juu ya mali ya adui?
2. Ghuluul ni nini?
3. Ahmed Baba alilalamika nini mbele ya Sultani, na vitabu vya Mawlay Zaydan vilipatwa na nini?
4. Taja mambo mawili yaliyofanywa Timbuktu wakati wa amani, ambayo yalisaidia wakati wa vita.
5. Kwa nini mnunuzi huhesabiwa mshirika wa mporaji?
6. Nyumbani kwenu kuna vitabu vingapi vilivyoandikwa kwa mkono, na ni nani ajuaye mahali vilipo?